Msafiri Hafungwi Miguu

Kuna mwaka shefu wangu, mkubwa wangu wa kazi, aliniomba nisimame mbele ya wauguzi wapya, niwaonyeshe namna ya kuhama kutoka kazi fupi moja kwenda nyingine bila kukwama. Alisema mi ndiye mfano wao. Huyu anaenda laini, alisema, leo yuko kambini, kesho yuko Lilongwe, na hakuna mgonjwa anayeona pengo. Nilisimama, nikawaambia wabebe kikombe chao wenyewe na soksi za kutosha, nikarudi kukaa. Watu wakanipigia makofi. Aka, kama makofi yangekuwa yanarudishwa, ningeyarudisha yote.

Kwa sababu ulaini ule haukuwa wangu. Nilikuwa napita vizuri kwa kuwa watu wa nyumbani walikuwa wananiondolea mawe njiani kabla sijafika, na jiwe moja walilificha ndani ya soksi ya mama yangu, mguu wa kushoto. Ni habari ya mguu huo ninayotaka kusimulia, na mnisamehe mapema kama sauti inapanda. Bado damu inanichemka.

Mi ni muuguzi. Nilisomea Uvira, Kongo, na vita viliponileta Malawi nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nimeifunga diploma yangu mgongoni ndani ya kikwembe, pale ambapo wenzangu walifunga watoto. Kazi ya kudumu sikupata, na si mimi peke yangu. Ninachopata ni kazi za kuazimwa. Mvua ikileta kipindupindu, naitwa. Kampeni ya chanjo ikianza, naitwa. Daktari akikosa mtu wa kumweleza huyu Mkongo au yule Mrundi anaumwa wapi, naitwa. Halafu naambiwa zikomo kwambiri, asante sana, narudi nyumbani na begi langu, nangoja simu ilie tena.

Anayedhani hizo ni kazi za raha, kwamba natembea nikiona miji, na aje siku moja anibebee begi. Kila kituo, siku ya kwanza ni ileile. Hakuna aliyeambiwa kwamba nakuja. Ufunguo wa kabati la dawa uko kwa mtu aliyeenda msibani. Kiti nitakachokalia kina mwenyewe, na mwenyewe amesimama mlangoni anakitazama. Muuguzi mwenyeji ananiuliza kwa upole kama huko Kongo nasi tuna bandeji, nami namjibu kwa upole kwamba tunazo, nyingine tunafungia watu midomo. Hapana, hiyo ya mwisho sijawahi kusema, naifikiria tu. Basi unajifunza glavu zinakaa wapi, nani hapatani na nani, bomba lipi linatoa maji asubuhi, na siku unayoanza kutembea bila kuuliza, njo siku kontra, mkataba wenyewe, inakwisha. Unaenda kwingine, unaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hayo nilikuwa nayavumilia. Yaliyonichosha zaidi yalikuwa nyumbani.

Sisi watu wa Uvira na Fizi, mtu akisafiri hatoki kimyakimya kama mwizi. Anasindikizwa. Kanisa letu linakuja nyumbani kwa msafiri, wanaimba, wanamwekea mikono kichwani, wanamkabidhi kwa Mungu, halafu watu wanakula. Akirudi wanakuja tena kushukuru, na wanakula tena. Ni desturi nzuri kwa mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa natoka na kurudi kama mtu anayechota maji. Pasta wetu, ambaye ukuta wake umeegemea wetu, hakuruka hata safari moja. Kuna siku nilimwambia, Pasta, naenda hapo Dowa Boma tu, hata kabaza angenifikisha kwa baiskeli yake. Akanijibu kwamba kutoka Yerusalemu mpaka Yeriko pia palikuwa karibu, na mtu alipigwa njiani akaachwa nusu mfu. Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Nilifumba macho, nikawekewa mikono, gari la kazi likapiga honi nje, na Pasta akaongeza zaburi nyingine kwa ajili ya dereva.

Kusindikiza huko kuna ndugu yake, na huyo ndugu njo adui yangu mpaka leo. Kwetu msafiri haambiwi habari mbaya. Msafiri hafungwi miguu, ndivyo wanavyosema. Ukimwambia mtu anayeondoka kwamba kuna ugonjwa nyumbani, umemfunga: ama atabaki na kazi yake itaharibika, ama ataenda moyo ukiwa nyuma, na mtu anayetembea huku moyo uko nyuma hujikwaa. Kwa hiyo kwenye simu kila kitu ni kizima. Akirudi pia haambiwi papo hapo. Kwanza aoge, ale bugali, alale. Na kama asubuhi anaondoka tena, basi habari inangoja safari ijayo, na ijayo, na ijayo.

Msidhani natia chumvi. Upepo ulichukua bati za jikoni kwetu, nami nilijua siku niliyoinua uso nikipika nikaona mawingu. Shangazi yangu alifariki Uvira, akazikwa, matanga yakaondolewa, na mimi wiki nyingi baadaye nikawa bado namwambia mama amfikishie salamu zangu. Mama akazipokea. Alisema atazifikisha. Nilipogundua nililia mara mbili, kwanza kwa ajili ya shangazi, halafu kwa hasira.

Sasa mama. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Dawa anameza. Bugali amepunguza kwa maneno, kwa vitendo ni siri yake na sufuria. Katika ugonjwa huo anaogopa kitu kimoja tu, kukatwa mguu. Kuna mzee mmoja wa kanisa letu alikatwa, na tangu hapo anashinda mlangoni kwake akingoja watu wapite wamsalimie. Mama alienda kumwona, akarudi, akaniambia waziwazi kwamba siku atakayokatwa mguu nimzike na ule uliobaki. Mama ni mkulima, alizaliwa kwenye jembe. Nje ya kambi amekodi kipande cha shamba kwa Mmalawi mmoja, analima mahindi na maharagwe, anaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njiani anasalimia kila mtu kwa Kichewa chake cha kuvunjikavunjika. Mkimbizi hapa hana mambo mengi ya kuchagua. Mama alichagua kutembea, na mguu wake njo uhuru wake wote.

Msimu wa baridi nilipelekwa Mtandire, pembeni mwa Lilongwe, kwenye zahanati ndogo iliyokuwa imekosa mtu wa vidonda. Kule vidonda havikosekani. Watu wanafanya vibarua, anakuja mwenye msumari mguuni, anakuja aliyeangukiwa na tofali, anakuja mama aliyemwagikiwa na mafuta ya mandazi. Na watu wa sukari walikuwa wengi. Kila asubuhi nilisimama mbele ya mabenchi, nikawaimbia wimbo uleule kwa Kichewa nilichookota njiani. Tazameni miguu yenu kila siku. Chini ya nyayo, katikati ya vidole. Mguu wa mtu wa sukari hausikii, unaweza kuungua ukadhani unaota moto. Mficha maradhi kilio humfichua, niliwaambia, nikalazimika kuitafsiri methali yenyewe, ikatoka vibaya, wakacheka, lakini walielewa. Niliyasema hayo mpaka mwuza nyanya wa mlangoni akawa anawafundisha wateja wake.

Jioni nilimpigia mama. Nilimwuliza miguu inaendeleaje. Akanijibu, "Iko yote mbili." Kila siku jibu lilikuwa hilo, na kila siku nilicheka. Akaongeza tu kwamba baridi ya Dzaleka mwaka huo inatafuna mifupa. Basi siku yangu ya mapumziko nikaenda sokoni Tsoka, nikapekua marundo ya mitumba mpaka nikapata soksi za sufu, nzito, za rangi ya kahawia, nikampa mshirika wa kanisa letu aliyekuwa anarudi kambini. Mama alinipigia kushukuru. Alisema zimefika wakati wake. Nami nikalala nikijiona mtoto mwema kweli, na kesho yake nikaendelea kuwafundisha watu wa Mtandire kuvua soksi.

Kontra ya Mtandire ilipokwisha, baridi ilikuwa imeondoka zamani na jua la kabla ya mvua lilikuwa linapasua ardhi. Nilirudi nyumbani kwa usiku mmoja tu. Safari hii nilikuwa nimepata kitu ambacho nilikitafuta miaka: kliniki kubwa ya Lilongwe, nafasi ya muuguzi aliyekuwa anaenda kujifungua. Ilikuwa kazi ndefu, kiti changu mwenyewe, na shefu alikuwa amenidokeza kwamba yule mama pengine hatarudi. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mama alikuwa ameshaitangazia kambi nzima. Nilimkuta amekaa mlangoni na soksi zake za sufu kwenye joto lile, nikamwuliza kama hasikii jua. Akacheka, akasema nimemzoesha vizuri, sasa miguu yake haitaki tena kukaa uchi. Nilikuwa nimechoka mpaka kope zinauma. Nikaoga, nikala, nikalala, kama desturi inavyotaka.

Asubuhi wakaja. Kwaya ilikuja, Pasta akaja na Biblia yake ya kuanguka kurasa, na jirani yetu mshonaji naye akaja. Huyo ni mwanamke wa Bukavu, cherehani yake iko mbele ya nyumba yetu, nami namwita tantine kwa sababu ni rika la mama yangu mdogo. Bati zilikuwa zinalia kwa joto. Gari lilikuwa limeshafika na dereva ameshapiga honi mara ya kwanza. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono, na Pasta akaanza na Abrahamu. Nikajua leo tunaenda mbali.

Mi huwa sifumbi macho mpaka mwisho. Niliangalia chini, na mbele yangu ilikuwa miguu ya mama. Soksi ya kulia ilikuwa ileile niliyonunua Tsoka. Ya kushoto ilikuwa imepasuliwa ubavuni na kuongezwa kipande cha kitambaa kingine, kikashonwa kwa mashine kwa uzi wa kijani. Uzi huo naujua. Nusu ya sare za shule za mtaa wetu zimeshonwa kwa uzi huo. Nikajiuliza mtu anapanua soksi kwa nini. Swali hilo lina jibu moja tu, na kabla sijalimaliza, pua ikaniletea harufu niliyokuwa nayo Mtandire kila siku.

"Mama," nikasema, "vua soksi."

Pasta alikuwa amefika mahali pa malaika wanaolinda barabara. Mama hakufumbua macho.

"Ngoja bamalize kusali," akanijibu.

Nilipiga magoti. Wanakwaya wawili wakadhani Roho ameshuka, wakasema amina. Nikashika kisigino cha mama, nikavuta soksi, na chini yake nikakuta bandeji za vipande vya kitambaa cheupe. Mpaka leo nikikumbuka bandeji zile sijui nilie au nicheke. Kila kipande kilikuwa kimepindwa pembeni na kushonwa, ili nyuzi zisitoke. Kazi safi. Vilikuwa vimechemshwa, vinanuka chumvi na sabuni. Na chini ya usafi wote huo kulikuwa na kidonda cha moto ubavuni mwa mguu, cha zamani, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi.

Niliinua uso. Ninachotaka mjue ni hiki: hakuna aliyeshtuka. Hata mmoja. Kwaya ilikuwa inatazama sakafu. Tantine alikuwa ameshaanza kulia kabla sijasema neno. Pasta alikuwa ameshika Biblia kifuani kama mtu anayezuia mlango. Walijua wote. Nilipokuwa Mtandire walikuwa wanauombea mguu ule kila Jumatano, kwa jina na kwa upande, na Alhamisi mama ananiambia kwenye simu iko yote mbili.

Nilipiga kelele, sitaki kuficha. Nilimwuliza tantine kama nyumba ya mgonjwa imekuwa duka la kushonea. Niliwauliza wanakwaya wanaimba nini wakati mguu wa mtu unaoza. Pasta akajaribu kunituliza, akanikumbusha taratibu kwamba wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikamwambia dole lenyewe ni hili hapa, Pasta, lisalimie. Akaifunga Biblia. Tangu nimjue, ilikuwa mara ya kwanza Pasta kuifunga kabla ya amina.

Dereva aliingia kuona kwa nini nachelewa. Aliuona mguu, akarudi nje bila kusema kitu, akaondoa maboksi kwenye kiti cha nyuma. Nikamwambia hatuendi kliniki, tunaenda hospitali ya Dowa Boma. Nikampigia shefu nikiwa nimeshamshika mama mkono. Aliniuliza kama hakuna mtu mwingine wa kumpeleka, kwa sababu kule wananingoja, na mimi ndiye yule asiyekwama. Nikamwambia leo nimekwama. Alishusha pumzi ndefu, akasema ataona la kufanya, na jioni yake nafasi ile akapewa mwingine. Sikumlaumu siku ile, nilikuwa na wengi wa kulaumu. Nilimlaumu baadaye.

Dowa waliutazama mguu, wakamchoma mama dawa, wakatuandikia hospitali kubwa ya Lilongwe. Kwa hiyo nilifika Lilongwe siku ileile niliyopangiwa kufika, ila ndani ya ambulensi, kwenye benchi la ndugu wa mgonjwa, na begi langu la kazi kati ya magoti. Njia nzima mama alikuwa ananiomba kitu kimoja. Hakuniomba maji wala msamaha. Alitaka niwaambie madaktari wamwachie mguu. Nilimwambia nitasema. Sikumwambia nilivyokuwa nimeona, na kumbe hapo nami nilikuwa namficha msafiri habari mbaya, kama watu wa kwetu.

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari aliniambia kwamba tungekawia kidogo tu angekata chini ya goti, na alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikatazama miguu ya watu wanaopita.

Siku zilizofuata nilijifunza hospitali kutoka upande wa pili, na siwatakii hata maadui zangu. Mzunguko wa madaktari ukianza, ndugu wanafukuzwa nje. Kiti cha ndugu hakipo. Nikigusa bandeji naambiwa niache, hiyo ni kazi ya wenyewe. Kuna asubuhi muuguzi mmoja, binti mdogo mwenye adabu, alinikalisha akanifundisha polepole namna ya kumtunza mtu wa sukari. Tazameni miguu kila siku, aliniambia, chini ya nyayo, katikati ya vidole. Niliitikia yote. Mama, kitandani, alivuta shuka mpaka usoni, na shuka likawa linatikisika kwa kicheko. Yule binti alipoondoka mama akasema njo maana wazee walisema mganga hajigangi. Nikamwambia anyamaze. Kisha nikamwambia asinyamaze, kwa sababu kunyamaza kwake njo kumetufikisha hapo, na sasa anieleze.

Akanieleza. Ilikuwa ule msimu wa baridi, kabla soksi hazijafika. Alikuwa ameota moto kwenye mbabula ya makaa, mguu karibu na chuma, anachambua maharagwe. Ni tantine, akiwa kwenye cherehani yake, aliyesikia harufu ya ngozi inayoungua, akapiga mbio. Mama mwenyewe hakusikia kitu. Wakakubaliana wawili kwamba ni kidonda kidogo, kitapona kabla sijarudi. Hakikupona. Zahanati ya kambini mama hakutaka kwenda, kwa sababu pale wote wananijua, wangenipigia. Hapo nilitaka kupasuka.

"Mama, nililala nyumbani," nikamwambia. "Mguu ulikuwa pale, na mi nilikuwa pale."

"Ulirudi na uchovu," akasema. "Ulikula, ukalala, asubuhi unaenda. Ningekuambia saa ngapi? Nikikuambia, hauendi."

"Na wangeukata wote?"

Kwanza aliufunika mguu kwa shuka. Mama hajibu haraka jambo la maana.

"Ningekuwa mama bila mguu," akasema, "mwenye mutoto iko na kazi. Bantu bengine hapa habana hata kimoja."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali mengi. Badala yake nililia palepale mbele ya wagonjwa wengine, na nilikuwa bado nimekasirika, kwa sababu mtu anaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Miaka yote nilidhani ni mimi ninayejua kuhama. Nilijiona nimepita laini, kumbe kuna mtu nyuma yangu aliyekuwa anaungua polepole ili nisigeuke.

Tulirudi Dzaleka, nikakaa nyumbani mpaka kidonda kikafunga. Kwa mara ya kwanza nilikaa muda wa kutosha kujua kuku wa kwetu ni yupi na wa jirani ni yupi. Tantine hakunisalimia kwa aibu, mpaka siku moja nikamwendea kwenye cherehani yake, nikamwambia bandeji zake zilikuwa safi kuliko za vituo vingi nilivyopita, na kwamba akirudia tena nitamshona mdomo kwa uzi wake mwenyewe wa kijani. Alilia, akacheka, akanishonea begi jipya.

Halafu simu ikalia. Shefu tena. Yule mwenzangu aliyechukua nafasi alikuwa ameacha, kliniki haina mtu, nije haraka, na safari hii kontra ni ya mwaka. Nikasema nitakuja, ila nina sharti na watu wangu, si na yeye. Hakuelewa. Nikamwita Pasta na kwaya, nikawaambia waje wanisindikize kama desturi, waombe watakavyo, hata wakianzia Adamu. Ila nyumbani kwetu kuanzia sasa hakuna anayemsindikiza msafiri akiwa na kiatu wala soksi mguuni.

Walikuja. Walivua mlangoni wakinung'unika, wakakaa kuzunguka ukuta, miguu uchi mbele. Pasta aliomba, na mimi nilipita kwa magoti na tochi ya simu, nikitazama nyayo moja moja, katikati ya vidole, nikibonyeza vifundo kuona kama kuna uvimbe. Mwanakwaya mmoja alikuwa na mwiba wa siku nyingi. Pasta mwenyewe alikuwa na mpasuko kisiginoni ambao mkewe alikuwa haujui, na Pasta akaukemea kama pepo katikati ya maombi. Mama alikuwa kwenye kiti cha kwanza, mguu wa vidole vitatu juu ya kigoda kama mgeni rasmi. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Wiki ile alikuwa amefika shambani na kurudi.

Nilipomaliza nikasimama, nikajipangusa magoti, nikachukua begi. Nje dereva akapiga honi.

"Miguu ya musafiri nani anaiangalia?" mama akauliza.

Nikasema mi niko mzima. Kwaya nzima ilikuwa inatazama viatu vyangu. Nikakaa, nikavivua. Mama akainama polepole, akabonyeza kifundo cha mguu wangu kwa kidole gumba, namna alivyoniona nikifanya kwa wengine, akaondoa kidole, tukatazama wote. Shimo lilibaki pale, halikujaa. Nilijua maana yake, mguu unaojaa maji una ugonjwa nyuma yake, na nilijua halikuanza leo.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia, mbele ya watu wote. Tangu Mtandire.

Mama aliuweka mguu wangu mapajani mwake, akaushika kwa mikono miwili.

"Pasta, keti," akasema. "Muambieni dereva aende. Huyu leo ninamufunga."